Bonge la damu: linavyofumwa, dawa zinazolizuia, na namna ya kuzitumia ukiwa kandokando ya Ziwa Victoria

Mitaani dawa za kuzuia bonge la damu zinaitwa "dawa za kufanya damu iwe nyepesi", na jina hilo limewaponza wengi. Damu ya mtu anayemeza warfarini, moja ya dawa hizo, ina uzito uleule wa jana. Ukiitazama kwenye bomba la sindano huoni tofauti. Kilichobadilika ni muda inaochukua kuganda. Anayeamini damu yake ni nzito atakunywa maji mengi yenye ndimu, atajisikia mwepesi, ataacha vidonge. Anayeamini dawa inayeyusha bonge atautazama mguu wenye bonge siku ya tano, akiukuta bado umevimba atasema dawa ni feki. Nyingi ya dawa hizi haziyeyushi chochote. Zinalizuia bonge lisikue, na mwili wenyewe unalimaliza polepole kwa wiki na miezi.

Wavu unavyofumwa

Ukijikata kidole ukipaa sato, chembe sahani ndizo zinazofika kwanza. Kwenye damu huwa bapa na laini, lakini zikigusa nyama iliyo chini ya ukuta wa mshipa zinaota miiba, zinang'ang'ania na kumwaga kemikali zinazoita nyingine. Ndani ya dakika chache tundu limezibwa, ila kwa kizibo dhaifu.

Wakati huohuo protini za kugandisha damu, nyingi zikiwa zimetengenezwa na ini, zinaamshana moja baada ya nyingine hadi inapatikana thrombini. Thrombini inakata fibrinojeni, protini inayoelea kwenye damu muda wote bila madhara, na kuigeuza nyuzi za fibrini. Nyuzi zinashikana kuwa wavu, na wavu unanasa chembe nyekundu kama dagaa. Halafu inapita protini iliyopewa namba 13 ikifunga mafundo nyuzi zinapokutana. Mvuvi wa Kayenze au Igombe hahitaji kuelezwa tofauti ya wavu wenye mafundo na nyuzi zilizolazwa juu ya nyingine. Ndiyo maana bonge la saa 2 linaweza kuyeyushwa kwa dawa, na la mwezi mmoja linagoma.

Namba hizo zina maana kwa dawa. Protini namba 2, 7, 9 na 10 haziwezi kukamilika ini likikosa vitamini K, na hapo ndipo warfarini inapobana. Heparini inazima thrombini na namba 10 ambazo zimekwisha kuamka. Rivaroxaban na apixaban zinabana namba 10 peke yake. Aspirini haigusi wavu. Inanyamazisha chembe sahani.

Mwili pia una mkasi wake, plasmini, unaokata nyuzi kazi ikiisha. Vipande vinavyobaki ndivyo maabara inavyovipima kwa jina la D-dimeri. Kipimo hiki kinasomwa vibaya mara nyingi. Kikirudi chini kwa mtu ambaye dalili zake hazielekezi sana kwenye bonge, unaweza kupumua. Kikirudi juu hakijathibitisha kitu, kwa sababu mimba, TB, malaria kali, upasuaji na saratani vyote hukipandisha.

Bonge la hatari linafumwa pale wavu unapotengenezwa ndani ya mshipa usiovuja. Sababu ni tatu, na zinahusishwa na jina la Rudolf Virchow, daktari Mjerumani wa karne ya 19: damu kutuama, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuelemea kuganda. Aliyevunjika mguu kwenye ajali ya bodaboda na kufungwa POP ana mbili za kwanza kwa mpigo. Mama aliyejifungua kwa upasuaji ana zote tatu, na hatari yake haiishi siku anayotoka wodini. Wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua ndizo mbaya kuliko miezi yote ya mimba. Saratani, selimundu, VVU, TB na vidonge vya majira vyenye estrojeni huongeza uzito upande wa tatu. Basi la Mwanza hadi Dar es Salaam nalo limo, kwa kuwa hatari huanza kupanda safari inapozidi saa 4 za kukaa. Dawa ya safari ni kusimama kila basi linapopumzika na kukunja na kukunjua vifundo vya miguu kila saa. Kumeza aspirini kwa ajili ya basi hatukushauri.

Kuna chanzo kingine ambacho Kanda ya Ziwa inakijua vizuri: homa ya baridi yabisi ya utotoni inayoacha vali ya moyo imekakamaa. Vali kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto ikibana, chumba cha juu kinatanuka, kinaanza kutetemeka badala ya kusukuma, na damu inatuama humo kama maji ya ghuba. Bonge likichomoka hapo linaelekea kwenye ubongo.

Kuupima mguu

Mguu mmoja ukivimba ndani ya siku chache, ukawa na joto na maumivu ya nyama za nyuma, chukua futi ya fundi cherehani. Mgonjwa alale chali, miguu imelegea. Papasa mbele, chini kidogo ya kifuniko cha goti, utakuta nundu ya mfupa. Kutoka kwenye nundu shuka sentimita 10, tia alama kwa kalamu, zungusha futi iguse ngozi bila kuikaza, andika namba. Rudia mguu wa pili kwa kipimo kilekile cha sentimita 10, usikadirie. Tofauti ikizidi sentimita 3, pamoja na upasuaji, kulala kitandani siku 3 au zaidi, POP au saratani, mgonjwa anahitaji altrasaundi ya mishipa ya mguu siku hiyohiyo.

Miguu yote miwili kuvimba kwa usawa huelekeza zaidi kwenye moyo, figo au ini. Matende huja kwa miezi na miaka, na ngozi yake huwa nene. Pia atakuwepo mtu atakayesema mgonjwa amekanyaga kitu. Mabishano hayo yaachwe baada ya altrasaundi, ila jambo moja lisisubiri: mguu huo usichuliwe kwa mafuta, usikandwe kwa maji ya moto, usichanjwe. Kuchua kunaweza kulichomoa bonge likapanda kwenye mapafu.

Likifika mapafuni, pumzi inakata ghafla, kifua kinachoma mtu akivuta hewa, moyo unaenda mbio, wengine wanakohoa damu au wanazimia. Huyo hapelekwi zahanati kuandikiwa dawa ya kifua. Anapelekwa moja kwa moja palipo na oksijeni na daktari.

Sindano: heparini na enoksaparini

Matibabu ya bonge la mguu au la mapafu kwa kawaida yanaanza na sindano, kwa sababu zinafanya kazi ndani ya saa chache. Enoksaparini inatolewa kwa uzito: milligramu 1 kwa kila kilo, kila baada ya saa 12. Mwenye kilo 60 anapata milligramu 60 asubuhi na 60 usiku. Figo zikiwa zimechoka sana, dozi hiyohiyo inatolewa mara moja tu kwa siku. Ya kinga, kwa mfano baada ya upasuaji, mara nyingi ni milligramu 40 mara moja kwa siku. Mgonjwa apimwe kwenye mizani. Kumkadiria kwa macho wodini ndiko kunakoleta dozi pungufu kwa wanene na ya kuvujisha damu kwa waliokonda.

Namna ya kudunga, hata nyumbani:

1. Nawa mikono, lala au kaa ukiegemea, chagua sehemu ya tumbo pembeni, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni. Leo kulia, kesho kushoto.
2. Kipovu cha hewa kilichomo kwenye sindano iliyojazwa kiwandani usikitoe kama unatumia dozi yote. Kinasukuma tone la mwisho la dawa. Kama dozi yako ni pungufu ya iliyojazwa, mwaga ziada kwanza, sindano ikitazama chini.
3. Bana mkunjo wa ngozi kwa vidole viwili na uushikilie muda wote. Ingiza sindano yote, wima, sukuma taratibu.
4. Toa sindano, kisha ndiyo uachie mkunjo. Gandamiza kwa pamba, usisugue. Anayesugua ndiye anayeondoka na michubuko ya bluu tumboni.

Heparini ya kawaida inaenda kwa dripu, wodini tu: yuniti 80 kwa kilo kwa mkupuo, halafu yuniti 18 kwa kilo kila saa, na kipimo cha aPTT, kinachopima muda wa damu kuganda, baada ya saa 6. Kwa kilo 60 ni yuniti 4,800, kisha 1,080 kwa saa. Kosa la kuogopwa liko kwenye chupa: kuna zenye yuniti 1,000 kwa mililita na zenye 5,000, na zinaweza kufanana. Wauguzi wawili wasome lebo kwa sauti. Faida ya heparini ni kwamba inazimika upesi, na protamini ipo ya kuifuta, milligramu 1 kwa kila yuniti 100. Chembe sahani zipimwe kabla ya kuanza, na tena kuanzia siku ya 5. Zikishuka kwa nusu, heparini isimame na enoksaparini isishike nafasi yake, maana mwili wa mtu huyo umeanza kuipinga dawa kwa njia ambayo, ajabu, huleta mabonge mapya.

Warfarini

Ndiyo, imewahi kuwa sumu ya panya, kuanzia 1948, kabla ya kuruhusiwa kwa binadamu 1954. Chanzo chake ni ng'ombe wa Amerika Kaskazini waliovuja damu hadi kufa miaka ya 1920 baada ya kula majani yaliyooza. Habari hii humfikia mgonjwa kupitia jirani, akaogopa. Ni afadhali aisikie mapema kutoka kwa anayemwandikia dawa.

Warfarini haigusi protini zilizokwisha kutengenezwa. Inazuia mpya, kwa hiyo unasubiri za zamani ziishe. Namba 7 inapungua kwa nusu ndani ya saa kama 6, lakini namba 2, yenye uzito kuliko zote, inachukua karibu siku 3. Kibaya zaidi, protini moja ya kuzuia mgando nayo inategemea vitamini K na inaisha mapema, kwa hiyo siku za mwanzo damu inaweza kuelemea kuganda zaidi ya ilivyokuwa. Ndiyo sababu sindano na vidonge vinaenda pamoja kwa siku 5 kwa uchache, na sindano haikatwi mpaka INR, kipimo cha muda wa kuganda, ifike 2 na kubaki hapo kwa saa 24. Kukata sindano siku ya 2 kwa kuwa "vidonge vimeshaanza" ni kosa tunaloliona sana kwenye karatasi za rufaa.

INR ikipanda, maana yake damu inachelewa zaidi kuganda. Asiyetumia dawa ana karibu 1. Kwa bonge la mguu, la mapafu, au moyo unaotetemeka, tunalenga kati ya 2 na 3. Vali ya chuma iliyowekwa kati ya vyumba vya kushoto vya moyo inahitaji 2.5 hadi 3.5.

Damu ya INR inaingia kwenye tyubu yenye kifuniko cha bluu, ambamo tayari kuna sitreti, dawa inayoizuia damu kuganda. Uwiano ni damu 9 kwa sitreti 1: tyubu yenye mililita 0.3 za sitreti inataka mililita 2.7 za damu, hadi kwenye mstari. Ukijaza nusu, sitreti inazidi, INR inatoka juu kwa uongo, dozi inapunguzwa, na mgonjwa anarudi na kiharusi. Igeuze tyubu polepole mara 3 au 4, usiitikise. Ukiona kibonge ndani yake, tupa na uchukue nyingine. INR iliyopanda ghafla kwa mgonjwa ambaye hajabadilisha chochote irudiwe kabla ya kugusa dozi yake.

Wengi huanza na milligramu 5 kila jioni; wazee, waliokonda na wenye ini dhaifu wanaanza na 2.5. Jioni imechaguliwa ili majibu ya INR ya asubuhi yakitoka, dozi ya siku hiyo bado iweze kubadilishwa. Baada ya kutulia, dozi inarekebishwa kwa jumla ya wiki, asilimia 5 hadi 20 kwa mara moja. Tuseme unatumia 5 kila siku, yaani 35 kwa wiki, na INR ni 1.7. Unapandisha kwa kumeza 7.5 Jumatatu na Ijumaa, siku nyingine 5. Jumla inakuwa 40. Unapima tena baada ya wiki moja. Anayebadilisha kila siku kwa kufuata kila namba ataifanya INR iruke kama chura.

Ukisahau jioni, meza ukikumbuka siku hiyohiyo. Ukikumbuka kesho yake, iache iliyopita, endelea na ya leo, andika kwenye daftari. Usimeze mbili. Na usiamini rangi ya kidonge: ya milligramu 5 kutoka kiwanda kimoja inaweza kufanana na ya 3 kutoka kingine. Soma namba kila unapopewa kopo jipya.

Sasa mboga. Ushauri wa "usile mboga za majani" tunaukataa. Vitamini K imejaa kwenye mchicha, kisamvu, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga na sukuma wiki. Ugali, wali, michembe, matobolwa, dagaa na sangara hazina kiasi cha kukusumbua. Mgonjwa akiacha mboga kabisa, akiba yake inaisha, na sahani moja ya kisamvu siku ya msiba inatosha kuivuruga INR. Kula kiasi kilekile kila wiki, dozi itapangwa kufuatana na mlo wako. Anayetoka mjini kwenda kijijini msimu wa mvua, ambako mboga ipo mchana na usiku, apime INR wiki ya pili. Vivyo hivyo kiangazi mboga zikiadimika, na wakati wowote homa au kuhara kumekukatia hamu ya kula. Hapo INR hupanda.

Dawa nyingine ndizo zenye ajali nyingi kuliko chakula. Metronidazoli, Septrin na flukonazoli zinaipandisha INR ndani ya siku chache, na zote zinapatikana duka la dawa la mtaani. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za maumivu zinatoboa tumbo huku damu haigandi. Kwa maumivu tumia parasetamoli, lakini ukizidisha gramu 2 kwa siku kwa siku kadhaa, pima INR. Pombe ya kunywa mpaka kulewa inaipandisha pia, gongo au bia, haichagui. Karbamazepini na fenobabito za kifafa zinaishusha. Dolutegravir ya VVU haina ugomvi mkubwa na warfarini. ARV zenye ritonavir zinao.

Rifampisini ya TB inastahili aya yake yenyewe. Inaliamsha ini kuichoma warfarini, na ndani ya wiki moja au mbili dozi ya zamani inakuwa kama maji. Wengine wanahitaji mara mbili, hata zaidi. Hatari ya pili inakuja baada ya miezi 6, siku TB inapotangazwa imepona. Rifampisini ikikoma, ini linarudi kwenye mwendo wake kwa wiki mbili hivi, na ile dozi iliyopandishwa sasa ni sumu kweli. Mgonjwa anashangilia kumaliza dozi, na mkojo unageuka mwekundu. Kliniki ya TB na ya warfarini ziandikiane tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na INR ipimwe kila wiki katika vipindi vyote viwili.

Warfarini inapita kwenye kondo na kumwumiza mtoto, hasa wiki ya 6 hadi ya 12 ya mimba. Mwanamke anayeitumia akikosa siku zake apime mimba mara moja, aende kliniki ya moyo au ya uzazi, asijiachishe dawa mwenyewe, hususan mwenye vali ya chuma. Enoksaparini haivuki kondo. Anayejidunga hiyo, uchungu ukianza, asijidunge dozi inayofuata; aende hospitali na aseme saa ya mwisho aliyojidunga, maana sindano ya ganzi ya mgongo inategemea jibu hilo. Kunyonyesha ukiwa kwenye warfarini kunaruhusiwa.

Kung'oa jino hakuhitaji kuacha vidonge kama INR iliyopimwa siku 1 hadi 3 kabla haizidi 3. Uma shashi kwa dakika 30 bila kuchungulia. Mwenye ugonjwa wa vali anayechomwa penisilini ya mwezi aendelee nayo INR ikiwa kwenye kiwango chake, na pachomwapo pagandamizwe kwa muda mrefu. Sindano nyingine za makalio zisizo za lazima azikatae.

Kichocho kabla ya kuandika dawa

Vitabu vingi vya dawa hizi vimeandikwa mbali na maji haya. Kwa mtu aliyekulia Ukerewe, Kome au mwalo wowote ule, uliza kwanza kama amewahi kutapika damu. Kichocho cha tumbo kilichokaa miaka mingi kinaacha makovu kuzunguka mishipa ya ini, shinikizo linapanda nyuma yake, na mishipa ya umio inavimba kama kamba. Bandama nayo inakua na kumeza chembe sahani. Prazikwanteli inaua minyoo; mishipa iliyokwisha kuvimba inabaki. Papasa bandama, hesabu chembe sahani, piga altrasaundi ya ini. Chembe sahani zikiwa chini ya 50,000 kwa mikrolita, au mtu ameshatapika damu, dozi kamili isianzishwe bila daktari bingwa kuamua, na pengine mishipa hiyo ifungwe kwanza kwa kamera.

Vidonge vipya na aspirini

Rivaroxaban kwa bonge la mguu au mapafu ni milligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, halafu 20 mara moja, na lazima imezwe na chakula, la sivyo sehemu yake inapita bila kuingia mwilini. Apixaban ni 10 mara mbili kwa siku 7, halafu 5 mara mbili. Hazihitaji INR wala kuhesabu mchicha. Lakini zinaisha mwilini ndani ya siku moja, kwa hiyo anayeruka dozi hana kinga. Rifampisini inazifuta. Na mwenye vali ya chuma au vali iliyobanwa na baridi yabisi abaki na warfarini; utafiti mkubwa uliochapishwa 2022 kwa wagonjwa wa baridi yabisi ulionyesha waliotumia rivaroxaban walifariki zaidi.

Aspirini ndogo, milligramu 75 hadi 100, ni ya ateri: moyo na aina fulani za kiharusi. Mabonge ya ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, yamejaa chembe sahani; ya vena, mishipa inayoirudisha, yamejaa wavu. Kumbadilishia mgonjwa wa moyo unaotetemeka warfarini kwa aspirini eti kwa kuwa ni rahisi ni kumwacha bila kinga ya maana.

Zinazoyeyusha kweli

Streptokinesi, alteplesi na tenekteplesi zinaiamsha plasmini. Zinakata wavu wowote zinaoukuta, pamoja na ule unaoziba kidonda ambacho hukijui, kwa hiyo hazitolewi kwa aliyewahi kuvuja damu kichwani, aliyefanyiwa upasuaji mkubwa karibuni, au mwenye presha iliyo juu sana ambayo haijashushwa.

Kwa shambulio la moyo dawa itolewe ndani ya saa 12, na saa ya kwanza ina thamani kuliko nyingine zote. Streptokinesi ni yuniti milioni 1.5 kwa dakika 30 hadi 60. Ikishatolewa mara moja isirudiwe, kwa sababu mwili umeshatengeneza kinga dhidi yake. Iandikwe kwa herufi kubwa kwenye kadi ya mgonjwa. Kwa kiharusi dawa mojawapo ni alteplesi, milligramu 0.9 kwa kilo, isizidi 90, asilimia 10 kwa mkupuo na iliyobaki kwa saa moja, ndani ya saa 4 na nusu, baada ya kipimo cha CT kuthibitisha kichwani hakuna damu. Streptokinesi haina nafasi kwenye kiharusi.

Saa za kiharusi zinahesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mara ya mwisho akiwa mzima. Aliyelala akiwa mzima saa 4 usiku na kuamka saa 12 asubuhi mdomo umepinda, saa yake inaanzia saa 4. Kutoka Sengerema, Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 limeondoa foleni ya kivuko. Kutoka Nansio bado kuna maji. Kwa hiyo familia iandike saa hiyo kwenye karatasi, ichukue vidonge vyote vya mgonjwa, na mganga wa zahanati apige simu hospitali ya rufaa kabla gari halijaondoka. Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyopo Mwanza, ikijua nani anakuja, mashine ya CT inaweza kuandaliwa.

Damu ikitoka

Pua: kaa, inama mbele, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 15 kwa saa, pumua kwa mdomo. Isipokoma, nenda hospitali. Kinyesi cheusi kama lami na chenye harufu kali ni damu ya tumbo, ingawa vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya kinyesi kiwe cheusi. Ukigonga kichwa, nenda hata kama hujisikii vibaya. Damu ya kichwani inaweza kuchelewa kujionyesha.

Hospitalini, INR kati ya 4.5 na 10 bila kuvuja, ruka dozi 1 au 2 na upime tena. Ikizidi 10, vitamini K ya kumeza milligramu 2.5 hadi 5. Damu ikitoka kwa nguvu, namba ni yoyote, vitamini K milligramu 10 kwa mshipa taratibu pamoja na plazima, takriban mililita 15 kwa kilo, kwa sababu vitamini K peke yake inachukua saa nyingi. Zahanati nyingine hutumia kile kipimo cha nyoka: mililita 2 za damu kwenye tyubu kavu ya kioo, isiguswe kwa dakika 20, halafu iinamishwe kuona kama imeganda. Kwa aliyeumwa na nyoka mwenye sumu inayovuruga mgando wa damu kinafaa sana. Kwa kupanga dozi ya warfarini hakifai.

Kuacha

Bonge lililotokana na sababu inayopita, kama POP au uzazi, hutibiwa miezi 3. Lililokuja bila sababu linaweza kuhitaji zaidi. Moyo unaotetemeka kwa ajili ya vali, na vali ya chuma, ni maisha yote. Siku ya mwisho ikifika warfarini inakatwa moja kwa moja, haipunguzwi hatua kwa hatua, na nguvu yake inaisha kwa siku kama 5. Mguu unaweza kubaki mzito jioni kwa miezi, maana vali ndogo za vena zilizoharibiwa na bonge hazioti upya. Uinue ukiwa umekaa. Kabla ya kutupa daftari la INR, pima tena pale sentimita 10 chini ya nundu, andika namba ya kila mguu na tarehe. Ukivimba tena mwakani, hiyo ndiyo namba ya kulinganisha nayo.